Mstari Uliofichwa Mistarini

Ukimwuliza Mwalimu Tusajigwe Mwaikenda nchi ya Mistarini iko upande gani, atanyoosha mkono, atasita, kisha ataurudisha mapajani. Anachojua ni kwamba alifika, akakaa siku sita, akarudi. Mengine yote anayasimulia kama mtu anayesoma maandishi ya mwenzake: anatamka sawasawa, lakini haelewi vizuri kila anachokitamka.

Tusajigwe alikuwa mwalimu wa kwaya huko Tukuyu. Marehemu baba yake alitunga nyimbo thelathini na moja za sauti nne, na mzee mwenyewe aliimba sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, inayoshikilia wimbo kama msingi unavyoshikilia ukuta. Daftari la mzee lilipovamiwa na mchwa, Tusajigwe alikaa miezi akizihamishia nyimbo kwenye kompyuta kwa programu ya kuandikia nota. Alipomaliza alilichoma moto daftari, maana mchwa walishaanza kuhamia kwenye kabati la vitabu. Aliona amefanya jambo la busara.

Wiki mbili baadaye programu ilijisasisha yenyewe. Asubuhi hiyo alifungua wimbo wa mwisho wa baba yake, uliowahi kuimbwa mara moja tu, miaka kumi na tisa nyuma. Mistari ilikuwa mitatu. Sauti ya kwanza ilikuwepo, ya pili ilikuwepo, ya tatu ilikuwepo. Ya nne haikuwepo.

Alizima kompyuta, akaiwasha. Aliifuta programu, akaiweka upya. Alibonyeza kila kitufe alichokijua na vingine asivyovijua, mpaka nota zikageuka nyekundu na maneno ya wimbo yakarundikana juu ya kichwa cha ukurasa. Alipoomba kuusikiliza wimbo, sauti tatu zilipanda na kushuka bila chochote chini yake. Nyimbo nyingine thelathini zilikuwa salama; alizichapa zote karatasini, pamoja na sauti tatu zilizobaki za huu. Hapo ndipo alipoangalia vizuri karatasi hizo za sauti tatu, akakumbuka: katika wimbo huu baba yake alikuwa ameiacha sauti ya nne inyamaze vipimo kumi na viwili vya mwanzo, vile vyumba vidogo vya nota vinavyokatwa na mistari ya wima, iwasikilize wenzake, ndipo iingie.

Baada ya wiki tatu za kuhangaika aliandika barua kwa wenye programu. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: "Mpendwa mtumiaji, mstari wako haujapotea. Umefichwa kwa faida yako. Kwa maelezo zaidi fika Mistarini."

Basi akafika.

Mlangoni alipokewa na afisa mwenye miwani, mpole kupita kiasi, aliyejitambulisha kwa jina la Bwana Hakiki, Msajili wa Hitilafu.

"Karibu sana, Mwalimu. Una tatizo?"

"Ndiyo. Mstari wa sauti ya..."

"Samahani, kabla hujaendelea. Lala pale kwenye benchi, fumba macho, hesabu mpaka thelathini, kisha inuka."

Tusajigwe alidhani ni utani. Alipotazama kando aliona watu wanane wamejilaza kwenye mabenchi, wengine na mizigo vifuani, wanahesabu. Mama mmoja alikuwa na kidole kinachotoka damu. Yeye alikuwa amefika ishirini na mbili.

Akalala, akahesabu, akainuka.

"Tatizo bado lipo?" aliuliza Bwana Hakiki.

"Lipo."

"Vizuri. Sasa linatambulika." Akagonga muhuri, akamwomba simu yake aiweke kabatini. "Huku haturuhusu chombo kinachopiga picha ya kitu bila kukiuliza kwanza. Kompyuta ingia nayo, hiyo ni ya Mtambo tayari."

Mtambo ndio uliokuwa serikali ya nchi ile. Kila alfajiri ulichapa karatasi ya siku, ikasambazwa nyumba kwa nyumba, na juu yake kulikuwa na mistari ya sauti zote pamoja na maneno ambayo kila raia angeyasema siku hiyo. Mtu alizaliwa katika sauti yake na kufa katika sauti yake. Wenye sauti ya kwanza walianza mazungumzo, wenye ya pili walikubaliana nao, wenye ya tatu waliuliza swali moja. Nje ya karatasi mtu aliruhusiwa kusema akiwa nyumbani kwake tu, mlango umefungwa, na hayo yaliitwa mazoezi; maafisa na walinzi tu ndio walioruhusiwa kuwajibu wageni.

Ilimpa Tusajigwe shida siku nzima ya kwanza. Alimsalimu mwuza matunda, naye akatazama karatasi yake, akajibu, "Hata mimi nimefurahi, lakini mvua itakuja." Alimwuliza mlinzi wa lango saa ngapi, akaambiwa saa tano. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne. "Mimi ni wa ukoo wa tarumbeta," mlinzi alieleza kwa heshima. "Sisi tukisema tano, anayesikia anapaswa kusikia nne. Kila mtu anajua." Tusajigwe aliwaza kwamba hata yeye, mwalimu wa muziki, alijua jambo hilo kuhusu matarumbeta, kwamba nota inayosomwa si ile inayosikika. Hakujua tu kwamba mtu anaweza kuishi hivyo.

Bwana Hakiki alimpangia alale kwa Bi Tamima, mwanamke wa sauti ya pili, aliyeuza mikate mtaa wa nyuma ya Baraza. Foleni ya wateja ilifika barabarani. Kila mmoja alichukua mkate wake wa moto kutoka kwenye ubao, akainama kidogo, akasema, "Asante, tanuri."

Nyuma ya ubao alisimama mwanamume mkubwa, mikono myeupe kwa unga, jasho linamtiririka. Ndiye aliyeuchota mkate, ndiye aliyeuweka. Hakuna aliyemtazama.

Tusajigwe alipopewa wake alisema, "Asante, kaka."

Foleni nzima iligeuka. Yule mwanamume akaangusha koleo la mikate.

Bi Tamima alimvuta Tusajigwe ndani, akafunga mlango. "Mwalimu, usirudie! Watasema umeona."

"Nimeona nini?"

"Umemwona mume wangu." Akaketi, akatazama mlango, kisha akaendelea kwa haraka kama mtu aliyekuwa na maneno hayo mdomoni kwa muda mrefu. "Anaitwa Ng'anzi. Yeye ni sauti ya nne. Sauti ya nne imefichwa, mwaka wa sita sasa."

Tusajigwe alisogeza kiti. "Imefichwa kwa nini?"

Bi Tamima alimweleza. Kila siku saa sita mchana kengele ya Baraza hugongwa mara mbili. Baina ya kengele ya kwanza na ya pili Mtambo hupita juu ya mistari yote ya nchi kuihakiki. Miaka sita iliyopita alifariki mkuu wa sauti ya nne, mtu aliyependwa, na wanaume wote wa sauti hiyo walikubaliana wanyamaze siku moja kumwomboleza. Kengele ikagongwa, Mtambo ukapita, ukakuta mstari wao hauna kitu. Kwa sheria ya Mistarini, mstari mtupu hufichwa ili usichukue nafasi kwenye ukurasa. Asubuhi yake karatasi ya siku ikatoka na mistari mitatu. Wanaume wale wakawa hawana neno la kusema, na asiye na neno kwenye karatasi hayupo.

"Sasa nyumbani je? Kwenye mazoezi?"

"Mazoezi ni ya wenye mstari. Yeye akitoa sauti, jirani anasikia kelele, na kelele hushitakiwa kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mimi." Bi Tamima alicheka kidogo, bila furaha. "Na hata kabla ya hapo jina lake lilikuwa tabu. Mtambo hauna ile alama ya kwenye Ng'. Ulimwandika kisanduku kitupu. Watu walimwita Bwana Kisanduku. Tulikuwa tunacheka. Sasa natamani hata kisanduku."

Ng'anzi aliingia, akafunga mlango taratibu, akamwaga unga kidogo mezani. Kwa kidole akaandika: KARIBU SHEMEJI. Kisha akaufuta, maana unga haukuwa wa kuchezea.

Kesho yake Tusajigwe alikwenda Baraza. Alikuta kikao kinaendelea, na Bwana Hakiki akamwonyesha mahali pa wageni. Mjadala ulikuwa juu ya sauti ya nne, na ulikuwa umeanza miaka sita nyuma bila kuahirishwa ila kwa chakula.

Kulikuwa na kambi mbili. Kambi ya Sifa ilishikilia kwamba kufichwa kwa sauti ya nne si kosa bali ni sifa ya Mtambo. Msemaji wake, mama mnene wa sauti ya kwanza, aliinua karatasi ya siku juu ya kichwa. "Waheshimiwa, tazameni ukurasa! Tazameni ulivyopendeza! Zamani macho yalichoka kushuka mpaka chini. Leo mtoto wa darasa la kwanza anausoma."

Wakapiga meza.

Kambi ya Kosa ilisimama, na Tusajigwe akajisogeza mbele kwenye kiti kwa matumaini. Msemaji wao alikuwa kijana wa sauti ya tatu, macho yamejaa machozi. "Waheshimiwa, ni kosa. Tumesema ni kosa kwa miaka sita, na tutaendelea kusema. Ndugu zetu wanateseka. Ndiyo maana kambi yetu imeandaa fomu ya kuwarejesha. Fomu iko tayari. Inasubiri saini ya waathirika tu."

"Wamewahi kutia saini?" Tusajigwe alimnong'oneza Bwana Hakiki.

"Sehemu ya saini iko kwenye mstari wa nne wa fomu."

"Na mstari wa nne..."

"Umefichwa. Ndiyo." Bwana Hakiki alifuta miwani yake. "Ni fomu nzuri sana, lakini. Imeshinda tuzo."

Tusajigwe alitaka kucheka, akashindwa. Alimwomba Bwana Hakiki amweleze juu ya wimbo wake mwenyewe, nao wakatoka ukumbini hadi ofisini. Afisa aliifungua kompyuta ya Tusajigwe, akatazama mistari mitatu, akahesabu kwa kalamu.

"Hapa pana kimya cha vipimo kumi na viwili. Mtambo uliona ukurasa wa kwanza hauna kitu, ukahukumu mstari mzima. Kuna mahali pa kuweka alama, *ficha mistari mitupu*. Alama hiyo ni moja kwa nchi nzima na kwa kompyuta zote. Ukiiondoa kwako, umeiondoa kwa Ng'anzi."

"Basi iondoe!"

"Inaondolewa na fomu."

"Hakuna njia nyingine?"

Tusajigwe alimwona Bwana Hakiki kwa mara ya kwanza akitazama pembeni, kama mtu anayechungulia karatasi ya jirani. "Mstari ukionekana una kitu wakati wa kuhakiki, Mtambo wenyewe hulazimika kuufunua. Mtu mmoja akiimba baina ya kengele mbili, inatosha."

"Sheria inakataza?"

"Sheria haiwezi kumkataza mtu ambaye hayupo."

"Sasa mbona hawajaimba miaka yote hii?"

"Wanasubiri fomu," alisema Bwana Hakiki. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, jambo lililomfanya Tusajigwe ashike meza. "Lakini ujue hili, Mwalimu. Mstari ukifunuliwa, Mtambo huanza kuhakiki mistari yote upya, na kengele ya pili huleta toleo jipya la Mtambo. Na kazi ya toleo la zamani haifunguki katika toleo jipya. Wimbo wako utaonekana wote kuanzia sauti itakapotoka mpaka kengele ya pili. Baada ya hapo hautafunguka tena, si hapa, si kwenu."

"Muda gani?"

"Kama wa kunywa kikombe cha chai ya moto."

Wimbo mzima ni vipimo arobaini na nane, toa kumi na viwili vya kimya. Thelathini na sita. Tusajigwe alijua anaweza. Kwa do, re, mi, kama alivyofundishwa na baba yake, mkono wake ulikwenda kasi kuliko wa mtu yeyote Tukuyu.

Siku tatu zilipita akimbembeleza Ng'anzi. Walikaa jikoni, mlango umefungwa, na Ng'anzi akijibu kwa unga. NITAIMBA NINI, aliandika. SINA KARATASI.

"Chochote, shemeji."

Alitikisa kichwa. Tusajigwe alishindwa kuelewa woga ule. Mtu amenyang'anywa sauti miaka sita, na sasa anaogopa kwamba hakuandikiwa cha kusema? Alianza kukasirika, kisha akajikumbuka yeye mwenyewe wiki tatu mbele ya kompyuta, akiomba ruhusa ya kuuona mstari wa baba yake mzazi.

"Kama huna neno," alisema mwishowe, "imba jina la mkeo."

Bi Tamima, aliyekuwa anakanda unga, aliacha kukanda. Ng'anzi alimtazama mkewe muda mrefu. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Siku ya tano, kabla ya saa sita, walikwenda wote watatu hadi uwanja wa Baraza. Watu walikuwa wengi, kwa kuwa karatasi ya siku iliwataka wasimame pale na kuzungumzia hali ya hewa. Tusajigwe alikaa kwenye ngazi, kompyuta mapajani, daftari la shule kando, kalamu mkononi. Ng'anzi alisimama katikati ya umati, na watu wakampita kama wanavyoipita nguzo.

Kengele ya kwanza ililia.

Kitambo hapakutokea kitu. Wenye sauti ya kwanza walisema mvua, wa pili wakakubali, wa tatu wakauliza lini. Kisha kukatoka mlio kama wa mlango mzito usiofunguliwa siku nyingi, ukakwaruza, ukakatika, ukaanza tena, na safari hii ukawa sauti. "Taaa... miii... ma."

Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa nne ukajitokeza, safi, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tusajigwe hakuinua kichwa. Akaandika. Kipimo cha kumi na tatu, baba yake aliingia chini kabisa, akapanda hatua moja, akarudi. Cha ishirini alivuka juu ya sauti ya tatu, jambo ambalo alimkataza kila mwanafunzi wake kulifanya. Tusajigwe alitabasamu huku akiandika. Ishirini na tano. Thelathini. Alisikia sauti nyingine nzito inatoka upande wa kisima, nyingine kutoka juu ya paa lililokuwa linaezekwa, kisha nyingi kutoka kila pembe, mafundi na wapishi na wachimba mitaro, wote wakiimba neno lile lile walilolisikia kwa sababu hawakuwa na lingine. Ngazi aliyokalia ilitetemeka. Thelathini na sita. Thelathini na nane.

Kwenye kipimo cha arobaini ndipo alipohisi kuna kitu hakipo sawa.

Alisikia sauti nzito peke yake. Mvua ilikuwa imekoma kuzungumzwa. Akainua macho. Uwanja mzima ulikuwa umeduwaa, midomo wazi, wanaume na wanawake wa sauti tatu, wengine wanalia, wote kimya, wanasikiliza. Bi Tamima alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Na Mtambo, ulioanza kuhakiki upya, ulikuwa bado unapita.

Tusajigwe alielewa jambo lote kwa pamoja. Kengele ya pili ikilia sasa, mstari wa nne utabaki na mitatu itafichwa. Kesho Ng'anzi atakuwa na neno, na Tamima atakuwa hayupo.

"Imbeni!" alipiga kelele. "Semeni kitu! Tamima!"

Hakuna aliyemsikia. Alitazama kioo: vipimo vinane vimebaki. Akatazama uwanja. Akajaribu kufanya yote mawili, mdomo uimbe sauti ya pili na mkono uandike ya nne, lakini mkono ukaanza kufuata mdomo, na kipimo cha arobaini na moja akakiandika chote kwa nota za sauti ya pili. Akakikata. Akajaribu tena, akakosea tena. Basi akaweka kalamu chini.

Akasimama, akaimba sauti ya pili ya wimbo wa baba yake kwa nguvu zake zote.

Bi Tamima aligeuka, akamtazama kama mtu anayeamshwa. Akatoa mikono mdomoni. Hakuujua wimbo, akaufuata hivyo hivyo, nusu hatua nyuma. Mwanamke wa jirani akamfuata yeye. Yule mama mnene wa Kambi ya Sifa akaanza kupiga kelele kwamba huu ni uvunjaji wa utaratibu, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya kwanza, ilihesabiwa. Kijana wa Kambi ya Kosa akauliza, kwa sauti ya tatu, "Jamani, kuna nini?" Likawa vurugu la sauti nne, kila moja na lake, wala halikuwa na uzuri wowote.

Kengele ya pili ikalia.

Tusajigwe alipoketi, kioo kilikuwa kimeandika: *Kazi hii haifunguki.*

Asubuhi ya siku ya sita karatasi ya siku ilitoka na mistari minne. Ile mitatu ilisema kama kawaida. Wa nne, nchi nzima, ulikuwa na neno moja, maana ndilo neno pekee Mtambo ulilolisikia kwao. Kwa hiyo kila mwanamume wa sauti ya nne katika Mistarini aliamka, akamgeukia mke wake kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, na kwa mujibu wa sheria akamwita Tamima.

Mitaa ilichafuka. Ndoo zilirushwa. Wanawake walifunga virago. Baraza liliitwa haraka, na Tusajigwe alipopita dirishani kumuaga Bwana Hakiki alisikia Kambi ya Kosa ikisema ni sifa na Kambi ya Sifa ikisema ni kosa. Hakuweza kufahamu ni lini walibadilishana.

"Umetuletea kazi, Mwalimu," Bwana Hakiki alisema, akimrudishia simu yake. Hakuonekana amekasirika. Alionekana amelala vizuri.

Nyumbani kwa Bi Tamima wateja walikuwa kwenye foleni. Wa kwanza alisema, "Asante, tanu..." akakwama, akatazama karatasi yake, akamtazama Ng'anzi, akashindwa kabisa aseme nini. Akauchukua mkate, akaondoka akigeuka nyuma.

"Tamima," alisema Ng'anzi.

"Abee," alijibu mkewe. Halikuwa kwenye karatasi, na mlango ulikuwa wazi.

Tusajigwe alikaa mezani, daftari mbele yake, akaimba polepole alichokiandika, ajue amebeba nini. Alipofika kipimo cha arobaini akanyamaza. Hakukuwa na zaidi. Alifunga daftari, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, mbele ya wenyeji wake, wala hakuyafuta.

Nyuma yake Ng'anzi alianza kuimba huku amefumba mdomo. Hakutamka neno, alikuwa anapangusa ubao. Alianzia pale pale Tusajigwe alipoishia, akashuka chini, akakaa huko, akapanda taratibu, akamaliza. Vipimo vinane.

Tusajigwe aligeuka. "Shemeji, umeutoa wapi huo?"

Ng'anzi aliinua mabega. Akachukua unga, akasita, kisha akakumbuka kwamba sasa anaweza kusema. Lakini hakuwa na neno jingine. "Tamima," alisema, kwa unyonge.

"Anasema hajui," Bi Tamima alifasiri. "Anasema wimbo ulikuwa umesimama, akaumalizia."

Tusajigwe aliyaandika yote vile alivyoyasikia.

Alirudi Tukuyu, akaikalisha kwaya, akawapa wanaume wa sauti ya nne karatasi alizozinakili kwa mkono. Hakuwaeleza zimetoka wapi. Miongoni mwao walikuwapo wawili walioimba na baba yake ile siku moja ya miaka kumi na tisa nyuma, Asegelile fundi cherehani na Lwitiko wa mashine ya kusaga. Waliimba mpaka mwisho, na mwisho ulipofika Asegelile akavua kofia.

"Hapo mwishoni," alisema, "hapo ndipo ninapomsikia mzee mwenyewe. Hakuna mtu mwingine aliyeshuka namna ile."

"Hapana, bwana," Lwitiko alipinga. "Pote ni yeye ila hapo. Mzee hakumaliza hivyo. Alimaliza juu."

"Juu wapi? Ulikuwepo wewe?"

"Nilisimama kushoto kwako!"

Wakabishana. Wengine wakaingilia, na wale ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile ndio waliokuwa na uhakika zaidi. Mwishowe Asegelile alimgeukia Tusajigwe.

"Mwalimu, wewe ndiye mwanawe. Tuambie. Ni yeye au si yeye?"

Tusajigwe aliitazama karatasi. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na mtu asiyejua asingeweza kuona palipounganishwa. Alijaribu kuisikia sauti ya baba yake ikiimba vipimo vile vinane, akaisikia vizuri kabisa. Kisha akajaribu kuisikia ya Ng'anzi, akaisikia vizuri vile vile.

"Sijui," alisema. "Tuimbe tena."

Akainua mkono. Sauti tatu zikaanza, na wanaume wa sauti ya nne wakasimama kimya, wanahesabu vipimo kumi na viwili, wakisubiri zamu yao.